Mgongo Ukiuma, Utafiti Ufike Mpaka Shambani

Ni familia chache sana zisizoyajua maumivu ya mgongo na kiuno. Mama anainuka kutoka kwenye tuta ameshika kiuno. Baba anaamka asubuhi na kushindwa kuvaa viatu. Fundi ujenzi anaweka chini karai la zege na kukaa kando, jasho likimtoka. Mwaka 2018 watafiti waliokusanya pamoja uchunguzi uliofanywa sehemu mbalimbali za Afrika waliona kwamba, kati ya kila watu 100, wapatao 39 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini wakati ule ule walipoulizwa. Kwa dunia nzima, hesabu ya mwaka 2020 ilikadiria watu milioni 619. Hakuna tatizo jingine la afya linalowazuia watu wengi hivyo wasifanye kazi zao.

Karibu kila nyumba ina shauri moja kwa mgonjwa wa namna hii: "Lala, pumzika, usiinue kitu mpaka maumivu yaishe kabisa." Shauri hili hutolewa kwa upendo. Hata hivyo, kwa maumivu mengi ya mgongo, shauri hili humchelewesha mgonjwa kupona. Jambo hili limejulikana kwa wataalamu kwa zaidi ya miaka thelathini. Maoni yangu katika ukurasa huu ni haya: elimu hiyo haijafika inavyopasa katika vyumba vya fiziotherapia, na haijafika kabisa majumbani mwetu. Tena pale inapofika, mara nyingi hutolewa kama kauli ya kukariri, bila kupimwa na kazi anayoifanya mgonjwa kila siku.

Watafiti waliona nini?

Mwaka 1986 madaktari wa Texas, nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 203 wenye maumivu ya mgongo. Kundi moja liliambiwa lipumzike kitandani siku mbili, na la pili siku saba. Wale wa siku mbili walipoteza siku chache zaidi za kazi, pungufu ya wenzao kwa asilimia 45. Katika mambo mengine yaliyopimwa, wale waliolala wiki nzima hawakupata nafuu yoyote ya ziada.

Mwaka 1995 watafiti wa Finland walikwenda mbele zaidi. Waliwachukua wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu makali ya mgongo, wakawagawa katika makundi matatu. La kwanza liliambiwa lilale siku mbili. La pili lilifundishwa mazoezi ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 12, waliokuwa na hali nzuri zaidi ni wale wa kundi la tatu. Waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Misuli isiyotumika hulegea upesi, na viungo visivyokunjwa hukakamaa. Pamoja na hayo, mtu aliyelala anaanza kuogopa. Kila akijigeuza na kusikia maumivu, anadhani anajivunja. Baada ya majuma machache hofu hiyo inakuwa mzigo mzito kuliko maumivu yenyewe.

Picha haisemi yote

Jambo la pili ni picha. Wagonjwa wengi hawaridhiki mpaka wapigwe eksirei, na siku hizi wenye uwezo hudai kipimo cha MRI. Wengine huuza mbuzi ili kupata fedha za picha hiyo. Majibu yakitoka, wanaambiwa pingili zimesagika au diski imetoka, nao wanarudi nyumbani wakiamini mgongo umekwisha.

Hebu tuangalie utafiti unasemaje. Mwaka 1994, huko Marekani, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za MRI. Ni watu 36 tu katika kila 100 ambao diski zao zote zilionekana za kawaida. Waliobaki walikuwa na diski zilizovimba au kusogea, na wala hawakuwa na habari. Mwaka 2015 watafiti wengine walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo. Waliona dalili za kuchakaa kwa diski kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na 96 katika kila 100 wenye umri wa miaka 80. Maana yake ni kwamba uchakavu huo ni kama mvi kichwani. Unakuja na umri, na peke yake hauwezi kueleza kwa nini mtu anaumwa.

Kwa hiyo mtaalamu anayemwambia mama mwenye miaka 50 kuwa "mgongo wako umeoza" amemwongezea ugonjwa. Mama huyo atarudi nyumbani na kuacha kuinama, atakataa kumbeba mjukuu, na ataogopa kupiga magoti. Neno moja la chumba cha matibabu linaweza kumkalisha mtu miaka mingi. Picha ina kazi yake pale daktari anaposhuku ugonjwa mwingine, nasi tutazitaja dalili zake hapa chini.

Mashine na mikanda

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo wa chini yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu na yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Mwongozo huo unapendekeza mgonjwa aelimishwe juu ya hali yake, afanye mazoezi, na asaidiwe pia katika mawazo na hofu zake. Unakubali kuchua na aina nyingine za tiba ya mikono. Lakini unashauri kwamba mikanda ya mgongo, kuvutwa mgongo kwa uzito, mashine za mawimbi ya sauti na mashine za kupitisha umeme kwenye ngozi visitolewe kama tiba ya kawaida.

Sasa tujiulize: katika vyumba vyetu vya fiziotherapia, mgonjwa anapata nini kwanza? Katika vyumba vingi anaelekezwa alale kifudifudi, anawashiwa taa ya joto au mashine, anauziwa mkanda, kisha anaambiwa arudi mara kumi. Kila mara analipa nauli, na kila mara anaacha kazi. Joto linapendeza na halimdhuru, lakini akitoka pale hajui zaidi ya alivyoingia.

Tusiwalaumu wataalamu peke yao. Sisi wagonjwa tunazipenda mashine. Mtaalamu akitumia nusu saa kutusikiliza, kutukagua na kutufundisha namna ya kuinuka, tunatoka tukinung'unika: "Sikupewa hata kidonge." Wakati mwingine foleni nje ya mlango ni ndefu, na taa ya joto inaweza kuwashwa kwa wagonjwa watatu pamoja, bali maelezo yanahitaji muda wa mmoja mmoja. Hata hivyo, wakuu wa hospitali wanaopanga bajeti wangefaa wafikiri: mtaalamu mwenye muda wa kuzungumza na mgonjwa anasaidia kuliko mashine nyingine ya bei kubwa.

Ushauri upimwe na kazi ya mtu

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Wale wafanyakazi wa Helsinki walikuwa waajiriwa wa jiji. Kumwambia mtu wa namna hiyo "endelea na shughuli zako" ni rahisi. Je, kwa mama anayelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri, anayeteka maji, anayetwanga na kubeba kuni, "shughuli za kawaida" ni zipi? Akiambiwa aendelee tu, ataumia na kuwaona wataalamu hawana akili. Akiambiwa aache vyote, nyumba italala njaa. Utafiti umetupa kanuni, nayo ni kuendelea kutembea na kufanya kazi kadiri inavyowezekana. Kuikata kanuni hiyo kwa kipimo cha mgonjwa ndiyo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, na hakuna mashine inayoweza kuifanya.

Mtaalamu mzuri atamwuliza mama huyu: Unalima saa ngapi bila kusimama? Mpini wa jembe lako una urefu gani? Maji yako umbali gani? Nani yuko nyumbani wa kukusaidia? Kisha watapanga pamoja. Kwa mfano:

1. Siku mbili tatu za kwanza, maumivu yakiwa makali, ajilaze kidogo akichoka, lakini asilale mchana kutwa. Kila baada ya muda mfupi ainuke na kutembea uani.

2. Akianza kupata nafuu, arudie kazi nyepesi za nyumbani, akibadilisha mkao mara kwa mara. Kupeta mchele kidogo, kisha kusimama, kisha kutembea.

3. Maji abebe nusu ndoo mara mbili badala ya ndoo nzima mara moja.

4. Shambani aanze na mstari mmoja, anyooke, atembee, ndipo arudie. Juma linalofuata aongeze mstari mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa kazi na kutulia baadaye, asiogope. Yakizidi na kubaki hivyo hata kesho yake, apunguze kiasi, asiache kabisa.

Kwa dereva, mshonaji au karani anayekaa kutwa nzima, mpango utakuwa tofauti. Huyo ndiye wa kuambiwa atembee. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walieleza habari za watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Baadhi yao walipangiwa kutembea na wataalamu wa fiziotherapia, wakiongeza polepole hadi kufikia nusu saa, mara tano kwa juma. Kwa kawaida maumivu yaliwarudia baada ya siku 208, ambapo kwa wenzao ambao hawakupangiwa yalirudi baada ya siku 112. Kutembea hakuhitaji vifaa, na mwenye viatu vya kawaida anaweza kuanza leo.

Dalili zisizopuuzwa

Yote tuliyosema yanahusu maumivu ya kawaida ya mgongo, ambayo ndiyo mengi. Lakini maumivu machache yana ugonjwa mkubwa nyuma yake, na hapo mazoezi siyo jibu la kwanza. Mwone daktari bila kukawia kama pamoja na maumivu kuna mojawapo ya mambo haya:

- homa, kutokwa jasho usiku, au kukonda bila sababu. Kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo, na kisipotibiwa mapema huleta kibiongo na kupooza;
- miguu kuishiwa nguvu;
- ganzi sehemu za siri na makalioni, au kushindwa kujizuia au kupata haja ndogo au kubwa. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini, ajali ya pikipiki au pigo kubwa;
- mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani, au mzee ambaye maumivu yake hayatulii usiku wala mchana.

Mtaalamu anayefuata utafiti huyauliza haya kabla ya kumgusa mgonjwa. Msomaji, kama hukuulizwa, yataje mwenyewe.

Wajibu wa familia

Jimbo la Victoria, Australia, lilianza mwaka 1997 kuwaelimisha wananchi kwa matangazo ya televisheni kwamba mtu mwenye maumivu ya mgongo asijilaze, aendelee na maisha. Mawazo ya watu yalibadilika, hata ya madaktari, na madai ya fidia kwa ajili ya mgongo yalipungua. Hii inaonyesha kwamba elimu ikienezwa kwa watu wote, inasaidia kuliko ikibaki kwa wataalamu peke yao.

Sisi hatuna haja ya kungoja televisheni. Tunakutana katika jumuiya ndogondogo, katika vikundi vya akina mama na vya vijana. Mwenzetu akiumwa mgongo, tusimwambie "usiguse kitu", wala tusimwite mvivu. Yule anayemlaza anamdhoofisha, na yule anayemdharau anamvunja moyo. Mwache afanye anachoweza, nasi tuchukue mzigo unaobaki: kijana ateke maji, baba apasue kuni, jirani asaidie mistari miwili ya shamba. Kwa mkulima, msaada huu ni sehemu ya tiba kamili, kwa kuwa bila huo hawezi kupunguza kazi na kuiongeza polepole kama alivyoshauriwa.

Na utakapokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usione haya kumwuliza maswali matatu: Je, kuna dalili yoyote ya hatari kwangu? Je, nifanye nini mwenyewe nyumbani? Je, nitarudije kwenye kazi yangu, hatua kwa hatua? Akikujibu vizuri, umetibiwa, hata kama hakuwasha mashine yoyote.