Tuseme Kabla Leseni Haijatoka

Jengo jipya likianza kuinuka mtaani, sisi wakazi hulipita kila asubuhi tukienda kituoni na kila jioni tukirudi. Tunaona tofali zikishushwa, mafundi wakipaua, milango ya chuma ikifungwa. Hatuulizi kitu. Siku majokofu ya bia yanapopangwa barazani ndipo minong'ono inapoanza: hivi nani kawapa hawa kibali? Kibali kimeshatoka, mwenye duka ameshaingiza mtaji wake, na mkopo wa benki unamdai.

Naandika kwa uchungu, ndugu zangu, maana haya yametukuta mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Tuliambiwa linakuja duka kubwa la kujihudumia, na wengi tulifurahi, nami nikiwa mmoja wao. Duka la Mangi hufungwa saa nne, na mwenye mtoto mchanga anajua adha ya kukosa maziwa usiku. Duka likafunguliwa, safi, bei zimebandikwa kwenye kila rafu. Baada ya miezi michache vikaonekana viti vinne vya plastiki chini ya mwarobaini. Kisha meza. Kisha jiko la mishikaki, na mwisho spika mbili. Leseni iliyotundikwa ukutani ilibaki ileile ya bidhaa za nyumbani, lakini mahali pale palikwishakuwa grosari, kwa maana tunayoijua sote: watu wanakunywa mpaka usiku wa manane, na alfajiri watoto wa shule ya msingi wanaruka chupa njiani.

Wala si pombe tu. Ili magari ya mizigo yapande hadi mlangoni, palimwagwa zege juu ya mtaro. Masika yalipofika maji yakakosa njia, yakaingia katika nyumba mbili za majirani, magodoro yakaloa na unga ukaharibika.

Nasi tulifanya nini? Tulilalamika miezi sita, kwenye daladala, barazani msikitini, baada ya ibada kanisani, na kwenye misiba. Hatimaye wazee watatu walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa wakiwa wamekasirika. Wakaulizwa swali moja tu: malalamiko yenu ya maandishi yako wapi? Hatukuwa na hata karatasi moja.

Hapo ndipo penye kosa letu, na ndilo ninalotaka tulitazame bila kuoneana haya. Katiba yetu, Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu, na Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawe kwa wananchi. Wazee wetu wanakumbuka zilipofutwa mwaka 1972. Miji ikazidiwa na takataka na mitaro iliyoziba, hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikafuata. Vyombo hivi vilirudishwa kwa ajili ya mambo kama mtaro wetu. Tukivikimbilia baada ya maji kuingia chumbani, tunavitumia vibaya.

Yafaa mkazi ajue karatasi zinapita wapi. Leseni za biashara na za vileo ni mambo mawili tofauti, kila moja na sheria yake, na mwenye ya kwanza hajapewa ya pili. Kiwanja kilichopimwa kuwa cha makazi hakigeuki cha biashara kwa matakwa ya mwenyewe: Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka aombe, na matangazo ya maombi ya namna hiyo hutoka magazetini. Sisi huyaruka tukitafuta habari za mpira. Basi mkiona msingi unachimbwa, nendeni kwa Mtendaji wa Mtaa siku ileile, mkaulize kwa heshima: hiki ni kitu gani, kimeombewa nini, na mkutano wa wakazi utakaa lini?

Lakini tusiende na husuda. Wapo miongoni mwetu wanaopinga duka jipya kwa kuwa linawapunguzia wateja, nao hujificha nyuma ya maadili. Wengine hawataki duka lolote. Hao niwakumbushe Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili ya ushirika yashike nafasi, na jinsi ilivyokuwa taabu kupata sukari na sabuni. Duka ni neema. Katika mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, mama mmoja mjane alisema vizuri kuliko sisi sote: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na duka, nanunua humo. Naomba usiku nilale, na maji yapite."

Hayo ndiyo maombi yanayojibika. Ombeni saa ya kufunga. Ombeni pombe isinywewe barazani wala kuuzwa kwa mtoto, mtaro uachwe wazi, mizigo ishushwe mchana. Tusikubali kuambiwa kwamba kinachouzwa kihalali hakigusiki. Viroba vya pombe viliuzwa kihalali miaka mingi, mpaka ikaonekana jinsi vinavyowamaliza vijana, vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Nanyi viongozi wetu, wenyeviti na watendaji, msingoje kelele. Ombi la leseni likifika mezani, libandikeni kwenye ubao wa matangazo kabla hamjatia sahihi. Mkazi akileta barua, igongeni muhuri, mrudishieni nakala, na mjibuni kwa maandishi hata kama jibu ni hapana. Anayejibiwa kwa mdomo mara tatu hatarudi mara ya nne, na siku mtakapomhitaji kwa usafi au ulinzi shirikishi hamtamwona.

Sisi hatimaye tuliandika. Ukurasa mmoja, mambo manne, sahihi za kaya 63, nakala moja kwa Mtendaji wa Kata na nyingine kwa diwani. Mwenye duka naye tulimpelekea yake mkononi, akatupokea kwa adabu. Zege limevunjwa na mtaro umezibuliwa kabla ya vuli. Spika bado zinalia Ijumaa na Jumamosi. Suala hilo limepelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na siku ikikaa tutakuwa pale nje tangu asubuhi, yule mama mjane akiwa nasi, na barua yetu yenye muhuri mkononi.