Rejeta ya Gari Juu ya Mikoko

Mtoto aliyekwisha kuunganisha ndege mbili tatu za plastiki zitokazo katika maboksi ya dukani hachelewi kuuliza swali gumu: mbona ndege zote ni zile zile? Viwanda hutengeneza zile zinazouzika, nazo ni ndege zilizopata sifa katika vita vya Ulaya. Atakaye mfano wa ndege isiyo ya kawaida hana budi kuigeuza ile ya kawaida, na haja hiyo ndiyo iliyozaa seti za kugeuzia zinazotengenezwa kwa rezini.

Rezini ni utomvu wa kiwandani unaokuja katika majimaji ya namna mbili. Fundi huchonga kwa mkono kipande cha kwanza, tuseme pua mpya ya ndege au boya lake, akakizungushia mpira wa silikoni ili apate kalibu, kisha akachanganya majimaji yale na kuyamimina humo. Baada ya dakika chache mchanganyiko hupata joto na kuwa mgumu. Kalibu ya mpira huchakaa upesi, na kwa sababu hiyo seti hizi hutolewa chache na bei yake huuma. Kabla ya kuagiza, basi, yafaa mtu ajue hasa anataka kugeuza nini.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ndege ya namna hiyo. Manowari ya Wajerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya delta ya Rufiji, upande wa Salale, ambako leo ni Wilaya ya Kibiti. Kutoka baharini haikuonekana kwa sababu ya mikoko. Waingereza wakatafuta macho ya angani.

Jicho la kwanza lilikuwa ndege moja ya Curtiss yenye tumbo la mashua, iliyoletwa kutoka Durban pamoja na rubani wake, Dennis Cutler, mwezi wa Novemba 1914. Kambi yake ilikuwa kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Rejeta yake haikustahimili, ikabidi itafutwe nyingine Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford! Ikafungwa, na ndege ikaruka tena. Hapo pana seti ya kugeuzia halisi, iliyofungwa na mafundi wenye jasho kisiwani, si na mchezaji mezani. Mwezi uliofuata Cutler alianguka katika delta na kutekwa.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith za kutua majini. Joto letu lilizishinda: gundi ya mbao ililegea, na injini hazikuwa na nguvu ya kuinua rubani, mtazamaji na mabomu kwa pamoja. Zikafuata zile za Short zenye mabawa ya kukunjwa, na ilipofika Juni zikaletwa Caudron na Henri Farman za magurudumu, zikirukia Mafia. Henri Farman hizo zilikuwa na kiunzi cha chuma, jambo la busara mahali ambapo gundi huyeyuka. Katika moja ya hizo, tarehe 11 Julai 1915, Cull na Arnold waliongoza kwa simu ya upepo mizinga ya Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zilizoingia mtoni. Ndege yao ilipigwa. Arnold akaendelea kutuma ishara huku wakishuka kuangukia majini. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Kwa anayeanza, mimi ningemshauri Caudron G.3. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 13.4, na katika kipimo cha 1:72 hubakia sentimita 18.6, ambazo meza ya nyumbani inazimudu. Manowari yenyewe asiiguse: kwa kipimo hicho ingezidi mita moja na nusu, na mama mwenye nyumba angekuwa na neno la kusema.

Vipande vya rezini vioshwe kwanza kwa maji ya sabuni, kwa maana hutoka na mafuta ya kalibu na rangi haitashika. Kilichopinda kitumbukizwe katika maji ya moto, kinyooshwe, kisha kipozwe. Gundi ya plastiki haishiki rezini hata kidogo. Tumia supaglu au gundi ya kuchanganya. Nawasihi wazazi katika jambo moja: vumbi la rezini halifai kuingia mapafuni. Msasa utumike ukiwa umeloa, pua na mdomo vifunikwe, na kumimina majimaji yenyewe kufanywe nje, na mtu mzima, mbali na chakula.

Rejeta ya Cutler usitegemee kuikuta dukani. Ichonge. Kitu chenye upana wa nusu mita kwa kipimo chetu ni milimita 7 tu, na kipande cha ukingo wa boksi la plastiki kinatosha.

Chini ya ndege weka ubao wa matope na vijiti vya mkoko. Nawe usiwaache watu. Habari hii husimuliwa kana kwamba delta haikuwa na wenyewe, ila Waingereza na Wajerumani peke yao. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa na kukokotwa na wapagazi wa Kiafrika hadi Dar es Salaam. Katika kipimo cha 1:72 kila mmoja wao ana kimo kisichofika sentimita 2 na nusu, na hao pia huenda ikakubidi uwamimine mwenyewe.