Kidole changu kimoja, laini tatu

Najua nimekuwa kimya, na kuna wadau wawili watatu wameshaniuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa Mnyuzi.

Mnyuzi mnaijua? Kama unatoka Segera kuelekea Tanga mjini unashuka Hale, unachukua bodaboda. Ni wilaya ya Korogwe, nchi ya mkonge. Waliosoma jiografia ya zamani watakumbuka kwamba ile reli iliyojengwa kuunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, mwaka 1963, inaanzia hapo na kuishia Ruvu. Basi hapo ndipo anapoishi shangazi yangu, na hapo ndipo nilipoitwa kwa dharura ambayo ukiisikia mara ya kwanza utacheka. Nilitakiwa kupeleka kidole.

Nimefika uani, nikaamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, halafu kabla hata sijavua viatu akauliza, "Umekuja na dole lako?"

Nianze mwanzo ili tuelewane. Mnakumbuka ule msongamano wa usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho ukatangazwa kuwa 31 Desemba, na hayati Rais Magufuli, alipokuwa Chato akisajili laini yake, akaongeza siku 20. Kwa hiyo mwisho ukawa 20 Januari 2020, na foleni za NIDA zikawa kama za mpira. Shangazi naye alikuwa kwenye foleni, Korogwe, mimi nikiwa nimemsindikiza. Tatizo ni kwamba shangazi amefanya kazi ya mkonge karibu maisha yake yote. Amekata majani, amesimama kwenye korona, ameanika singa juani. Maji ya mkonge yanawasha na kuchubua, na singa zenyewe ni kama msasa. Kile kimashine kilijaribu dole gumba la kulia, la kushoto, kikahamia vidole vingine vyote vinane kwa zamu. Hakikusoma hata kimoja. Vidole vya shangazi vimekuwa laini kama kijiko.

Yule kijana wa usajili, ambaye nyuma yake kulikuwa na watu sitini wakinuna, akanitazama mimi. "Kaka, weka wewe tu. Si ni mama yako huyu?" Nikaweka. Tangu siku ile laini ya shangazi, pamoja na akaunti yake ya pesa ya simu, ni yangu mimi kwenye karatasi. Kosa la kwanza ni langu, silikatai. Lakini niambieni, mama wa miaka sitini na zaidi aliyekatiwa simu angefanya nini? Kama mfumo hausomi kidole cha mkata mkonge, mfumo wenyewe ulipimwa kwa vidole vya nani? Nadhani vya watu wa ofisini kama sisi.

Haya. Miaka ikapita, mwezi uliopita simu ya shangazi ikatumbukia kisimani. Ndani ya laini kulikuwa na hela za kikoba, si zake peke yake, za akina mama wenzake pia. Kurudisha laini kunahitaji kidole cha mwenye laini. Mwenye laini yuko Dar es Salaam anahangaika na habari za bajeti. Ndiyo nikapanda basi.

Pale Mnyuzi tulimkuta kijana wa mwavuli, mnawajua, wapo kila stendi, na kiti cha plastiki, fulana ya kampuni na simu yenye kisomeo cha kidole pembeni. (Kampuni siitaji, na ukiendelea kusoma utaona kwa nini.) Nikampa namba yangu ya NIDA. Akaiandika kwanza kwenye daftari. Nikamuuliza daftari la nini, akasema "kumbukumbu tu kaka". Nikaweka dole. "Haijasoma, rudia." Nikarudia. "Bonyeza kidogo... tayari." Dakika kumi laini ya shangazi ikawaka, akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikapewa ugali na kisamvu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jioni, nimekaa barazani sina la kufanya, nikabonyeza *106#. Ile menyu inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Nilitegemea kuona mbili, yangu na ya shangazi. Zilikuwa tatu.

Ile "haijasoma, rudia" ilikuwa imesoma vizuri sana.

Kesho yake asubuhi kijana wa mwavuli hakuwepo. Nikaenda dukani kwa kampuni yenyewe, mjini Korogwe. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu, simlaumu. Nilimwambia kuna laini ya jina langu siijui, naomba ifungwe, na naomba kujua imefanya nini tangu isajiliwe: imepiga wapi, imepokea pesa za nani. Kufunga, akafunga baada ya mimi kuleta karatasi ya polisi. La pili akatikisa kichwa. "Kaka, hizo ni taarifa binafsi za mteja. Haturuhusiwi kuzitoa."

Nikamuuliza mteja huyo anaitwa nani. Akatazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akasoma jina langu, majina yote matatu.

"Basi naziomba mimi."

"Haturuhusiwi."

Nimeirudia hii stori kwa marafiki na wote wanacheka, na kweli inachekesha. Lakini ukimaliza kucheka kaa kidogo ufikirie. Kama ile laini ilitumika kumwandikia mtu "ile hela itume kwenye namba hii", na mzee wa watu huko Singida akatuma, polisi wataanza na nani? Jina ni langu na dole ni langu. Nitajitetea kwa kitu gani, wakati rekodi pekee inayoweza kuonyesha kwamba sikuwa mimi inashikiliwa na watu wanaoniambia ni siri yangu kwa hiyo siwezi kuiona?

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tuliambiwa tutoe vidole ili matapeli waishe. Mimi nilikubaliana na hilo na bado sipingi usajili. Polisi wamekamata wezi wengi kwa kufuatilia laini, na bila kujua nani ni nani hii biashara ya pesa za simu isingefika mpaka Mnyuzi, ambako benki ya karibu ni safari. Lakini meseji za "tuma kwenye namba hii" nazipata mpaka leo, na TCRA wenyewe wametuwekea namba 15040 ya kuwaripotia. Kwa hiyo laini za matapeli zina majina. Majina ya nani? Ya watu kama mimi. Za watu walioambiwa warudie kidole.

Msinielewe vibaya, yule kijana wa mwavuli ni mwizi lakini si yeye aliyebuni mpango huu. Kampuni imechukua kitu ambacho sina kingine cha kubadilisha (neno la siri nitabadilisha, dole gumba nitabadilishaje?), ikakikabidhi kwa kijana asiye na ajira, asiye na ofisi, anayelipwa kwa idadi ya laini alizouza siku hiyo. Asipouza hali chakula. Halafu tunashangaa. Ile namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, imekaa wazi kabisa kwenye daftari lenye mafuta ya chipsi. Na madaftari ya mawakala wa pesa je? Jina, namba, kiasi, sahihi, limefunuliwa juu ya meza, unayefuata kwenye foleni unasoma jirani yako katoa shilingi ngapi. Kuna mabinti wanatongozwa kwa meseji na watu waliopata namba humo, waulizeni watawaambia. Tumeshazoea, tunaona ni kawaida.

Lakini kampuni inajua zaidi ya lililoko kwenye daftari. Simu yako ikiwa imewashwa tu, hata hujapiga, inaongea na minara. Kampuni inajua uko chini ya mnara upi, ulihama saa ngapi, unampigia nani kila usiku. Shangazi yangu akitoka Mnyuzi kwenda Hale, kuna kompyuta mahali inajua. Kwa shangazi haina neno. Kwa mtu mwingine inaweza kuwa na neno kubwa.

Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika habari iliyonifanya niache chai ikapoa. Michael Clifford, mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa inamiliki Tigo hapa kwetu, alikuwa kwenye baraza la kesi za ajira London akidai alifukuzwa kazi kwa sababu ya kuhoji jambo moja: kwamba mwaka 2017 Tigo iliipa serikali taarifa za simu na mahali alipo Tundu Lissu, katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Millicom ilishauza biashara yake ya Tanzania mwaka 2022, na Tigo sasa inaitwa Yas. Sisemi kwamba taarifa hizo ndizo zilizoongoza risasi. Sina ushahidi huo na siandiki nisichoweza kukisimamia. Ninachosema ni kwamba tulilazimika kusubiri mzozo wa kazi wa Mwingereza, mahakamani kwao, ili tujue kwamba mambo haya yanazungumzwa. Hakuna mteja wa hapa aliyewahi kupewa barua kuambiwa taarifa zako tumempa fulani, tarehe fulani, kwa amri ya fulani.

Kwa hiyo mlango una pande mbili. Mwenye mali akibisha anaambiwa siri ya mteja. Wengine wakibisha, hatujui hata wanabisha vipi.

Sheria ipo, msiseme hakuna. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawabana wenye kampuni na mawakala wao kutunza siri. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo inasema wazi kwamba mtu ana haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, kuzirekebisha zikiwa na makosa, kukataa zisitumike kumtangazia biashara, na kudai fidia akiumizwa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Yule dada wa mapokezi nilipomtajia sheria hiyo aliniuliza naiandikaje, ili amuulize meneja. Sikumcheka. Hakuna aliyemfundisha, na hilo tu linakuambia kampuni imeichukuliaje.

Ningekuwa na uwezo wa kuwaamuru hawa watu jambo moja, ningewaamuru hili. Laini mpya ikisajiliwa kwa jina langu, meseji ije palepale kwenye laini zangu zote za zamani: leo saa fulani, mahali fulani, wakala namba fulani amesajili laini kwa kidole chako, kama si wewe jibu HAPANA ifungwe. Basi. Haiwagharimu kitu. Matangazo ya kubahatisha na nyimbo za miito wananitumia mara nne kwa siku bila kuombwa, watashindwaje hiyo moja? Mpaka sasa mimi ndiye ninayetakiwa kukumbuka kujikagua kwa *106#, kila mtandao peke yake, kama mlinzi wa usiku. Shangazi yangu ataikumbuka? Akina mama wa kikoba je, ambao wengi simu zao zimesajiliwa na watoto waliokwenda mjini?

Wadau wengine mtasema ningemalizana na kijana wa mwavuli kiutu uzima, au ningeanika jina la kampuni hapa. Nimeshawaandikia barua, nimetaja sheria ya 2022, nimeomba rekodi za ile laini kwa siku tatu ilizoishi, na namba ya wakala aliyeisajili. Nakala nimeipeleka Tume. Wakinijibu nitawaeleza humu walichosema, neno kwa neno.

Siku ya kuondoka shangazi alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, kanifungia machungwa kwenye mfuko. Akaniuliza hivi akitaka laini ile iwe kwa jina lake mwenyewe inawezekana? Nikamwambia watajaribu tena vidole, kile kimashine siku hizi wanasema kimeboreshwa. Akaviangalia vidole vyake, akavisugua kwenye khanga.

"Haya, tutajaribu," akasema. "Ila wewe usipotee. Dole lako ndilo nalitegemea."

Jaribuni *106# sasa hivi, kabla hamjafunga ukurasa. Mkikuta za ziada niandikieni, nataka kujua tuko wangapi.