Tangi la Maji ya Bahari Darasani: Tuanze na Maji, Si Samaki

Kila muhula wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo waliopangiwa shule za pwani huniuliza ni chombo gani kinachofaa kuwekea viumbe wa baharini darasani. Wengi hupendelea chombo kidogo, kwa kudhani kuwa ndicho rahisi. Kwa maoni yangu, katika maji ya chumvi chombo kidogo ndicho kigumu.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaza mtungi wa kioo wa lita 10, nikatia samaki watano siku ile ile. Siku ya tatu wanafunzi waliwakuta wote wamekufa. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tumewaua?" Sikuwa na la kumjibu.

Jibu ni hili. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio mchangani na kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita ili wawe wa kutosha.

Jambo la pili ni chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Lita moja ikikauka katika tangi la lita 20, chumvi hufikia karibu gramu 37 kwa lita; katika tangi la lita 60 haifiki hata 36. Hesabu hiyo wanafunzi wenyewe waifanye.

Kwa hiyo nashauri tangi la kioo la lita 60, juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani, pamoja na pampu ya hewa. Maji yachotwe bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na midomo ya mito. Wekeni alama kwenye kioo. Maji yakipungua, ongezeni maji baridi yasiyo na klorini, wala si ya bahari, kwani chumvi haikuondoka. Baada ya majuma hayo, tieni konokono wachache na kaa wadogo wawili. Samaki awe wa mwisho, tena mmoja. Matumbawe yaachwe baharini.

Pengine mtasema kuwa muda wa mazoezi hautoshi, au shule haina umeme. Hoja hiyo ni ya haki. Basi tumieni beseni kwa kipindi kimoja, mkalitie kivulini, na siku hiyo hiyo mwarudishe viumbe pale pale mlipowatoa. Somo litakuwa fupi, lakini hakuna mtoto atakayewauliza swali nililoulizwa mimi.