Kura ya Masinde Muliro ya 1975 Ifundishwe Bungoma na Kitale

Jina la Masinde Muliro limeenea kote Magharibi mwa Kenya. Kanduyi lipo kwenye uwanja wa michezo. Kakamega lipo kwenye bustani ya mjini na kwenye chuo kikuu kilichopewa jina hilo mwaka 2007. Kijana wa bodaboda wa Lugulu analitaja kila siku anapoelekeza abiria, kama anavyotaja jina la stendi. Ukimuuliza Muliro alifanya nini, atakujibu kuwa alikuwa mwanasiasa mkubwa, mmoja wa wazee walioanzisha vuguvugu la FORD. Jibu hilo ni sahihi, ila linaruka siku moja ya Juni 1975, na siku hiyo inastahili kujulikana na kila mtoto anayesoma kati ya Bungoma na Kitale.

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa 1922 huko Matili, Kimilili, si mbali na Lugulu. Nchi aliyokulia ilikuwa bado ina kidonda cha vita vya 1895, Waingereza walipowapiga Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Naye alikuwa kijana wa kusoma pale Februari 1948 polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi na kuua watu kumi na mmoja. Kiongozi wa dini hiyo, Elijah Masinde, mchezaji wa zamani wa kandanda kutoka Maeni, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Masinde huyo alimkabili mkoloni kwa unabii na kwa ukaidi usiojua kurudi nyuma. Masinde wa pili, Muliro, alishika njia ya masomo. Alipitia Tororo, akaenda mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati serikali ya ubaguzi wa rangi ndiyo kwanza inakaza kamba zake. Aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya hamsini akawa mwalimu.

Ualimu haukudumu. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu. Muliro alichukua cha Nyanza Kaskazini kwa kumshinda W.W.W. Awori, mtu aliyekwisha kujijengea jina. Wengine saba walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda. Hatua yao ya kwanza ilikuwa kukataa vyeo vya uwaziri walivyotengewa na mkoloni, wakidai kwanza viti zaidi vya Waafrika. Kwa hiyo hata mwanzo wa safari yake ya siasa Muliro alikuwa kati ya watu waliojua kusukuma kiti kando.

Habari za KADU zinajulikana zaidi, na zina utata. Chama hicho kiliundwa Juni 1960, Ngala akiwa rais na Muliro makamu wake. Kilidai majimbo, kwa hofu kwamba makabila makubwa ndani ya chama cha KANU yangemeza nchi nzima. Wapinzani walisema hiyo ni siasa ya ukabila inayobebwa na walowezi, na ni kweli kwamba baadhi ya walowezi waliipenda. Muliro mwenyewe hakuwa safi katika jambo hili: alidai Kitale iwe upande wa Magharibi, wenzake wa Bonde la Ufa wakakataa, na ugomvi huo ukakitikisa chama chao wenyewe. Mwishowe Trans Nzoia ikawekwa Bonde la Ufa na Bungoma ikabaki Magharibi, ingawa familia nyingi zina mguu huku na mguu kule. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Ilichukua hadi katiba ya 2010 kwa Kenya kukubali tena kwamba madaraka na fedha vinaweza kushuka kutoka Nairobi. Leo Bungoma ina gavana wake na Trans Nzoia ina wake. Wanaomkumbuka Muliro kama mtu wa kabila lake tu wangefanya vyema kukumbuka pia kwamba hoja yake kuu ya 1962 ndiyo inayolipa mishahara ya wauguzi wa kaunti hivi sasa.

Baada ya uhuru makao yake ya siasa yalikuwa Kitale. Mashamba makubwa ya mahindi ya walowezi yalikuwa yanauzwa, na watu waliokuwa vibarua humo hawakuwa na fedha ya kununua ekari hata moja peke yao. Muliro aliwahimiza wajiunge, wachange, wakope na wanunue. Wapo wazee wa Trans Nzoia wanaoishi hadi leo kwenye ardhi iliyopatikana kwa njia hiyo, na kwao jina lake halihitaji sanamu.

Ila tufike 1975.

Machi 2 mwaka huo, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi. JM, kama watu walivyomwita, alikuwa amewahi kufungwa kizuizini na mkoloni, akawa katibu wa Mzee Jomo Kenyatta, kisha akageuka kuwa sauti ya walalahoi. Alionya kwamba Kenya inaelekea kuwa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Alipotoweka, gazeti moja lilitangaza kwamba yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umekwisha kuokotwa na mchungaji katika vilima vya Ngong na kulazwa mochari ya jiji kama wa mtu asiyejulikana, mpaka wake zake walipofika kuutambua.

Bunge liliunda kamati teule. Mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Wengi husahau kwamba mtu aliyepewa kazi ya kuuliza nani alimuua JM alikuwa mwana wa wilaya hii hii ya Bungoma. Kamati iliwahoji watu, ikaandika kwamba polisi walikuwa wanaficha ukweli, na ikataka baadhi ya wakuu wa usalama wachunguzwe, akiwamo kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU, Ben Gethi. Kabla ripoti haijawekwa mezani Bungeni mwanzoni mwa Juni, majina mawili yaliondolewa kwa amri ya Rais Kenyatta: la Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na la Wanyoike Thungu, mlinzi wa Rais. Hata baada ya kukatwa hivyo, serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti hiyo.

Muliro wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi. Nafasi yake ifikiriwe vizuri. Waziri ana gari, ana ofisi, ana njia ya kuwapatia watu wake barabara na kazi. Ana pia kiapo cha kwenda pamoja na wenzake wa Baraza la Mawaziri. Mbunge wa kawaida anaweza kupiga kelele akaenda zake nyumbani, lakini waziri akipiga kura dhidi ya serikali yake anajua barua inayomfuata imeandikwa nini. Na kura ya siku hiyo haikuwa ya siri. Wabunge walihesabiwa kwa majina, huku wa Ndiyo na huku wa La, kila mmoja akionekana na mawaziri wenzake, na jina lake likiingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Watu walikuwa wanajiuliza, kwa minong'ono, kama serikali yao yenyewe inaua. Kukaa kimya kulikuwa na visingizio vingi. Mtu angeweza kuugua ghafla. Angeweza kwenda kukagua daraja Turkana.

Muliro aliketi, akahesabiwa pamoja na waliotaka ripoti ikubaliwe. Serikali ilishindwa kwa kura 62 kwa 59. Tofauti ilikuwa kura tatu. Na watu watatu wa serikali waliokwenda kinyume nayo walifutwa kazi: Muliro, na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen. Atakaye na aseme kwamba Muliro angepaswa kujiuzulu kwanza ndipo apige kura, kwa sababu ndivyo kanuni ya uwajibikaji wa pamoja inavyotaka. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini aliyejua kwamba kufutwa kunamngoja, na bado akahesabiwa mchana kweupe, hakuikwepa kanuni; alilipa bei yake yote.

Bei haikuwa ya kubahatisha. Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku wa Butere na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya maeneo ya Bunge, baada ya Shikuku kusema kwamba kuna watu wanajaribu kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Waliwekwa kizuizini bila mashtaka na hawakutoka hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki. Hiyo ndiyo hali ya hewa ambamo mawaziri walitakiwa kuchagua.

Kuna nchi inayoukumbuka uamuzi wa kuachia cheo. Huko Amerika ya Kusini, Waargentina wana shujaa wao wa uhuru, Jenerali José de San Martín. Aliwavusha askari milima ya Andes mwaka 1817, akasaidia kuikomboa Chile, kisha akatangaza uhuru wa Peru. Julai 1822 alikutana na Simón Bolívar mjini Guayaquil, na baada ya mkutano huo akaachia madaraka yake yote na kuondoka. Alifia Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, Agosti 17, 1850. Argentina ina sikukuu ya taifa ya kuikumbuka tarehe hiyo, na watoto wa shule wanafundishwa vita vyake pamoja na kuondoka kwake. Majenerali wanaopigana wapo wengi duniani. Wanaojua kuacha kiti ni wachache, na taifa linalotaka wengine wa aina hiyo huwaeleza watoto jinsi ilivyotokea, kwa tarehe na kwa majina.

Muliro hakuwahi kuwa jenerali. Hata hivyo, Agosti 1991 alikuwa tena mstari wa mbele, karibu na umri wa miaka sabini, pamoja na Oginga Odinga, Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz, walipotangaza FORD kudai vyama vingi. Novemba 16 walijaribu kufanya mkutano Kamukunji na serikali ikawakamata. Desemba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Agosti 14, 1992, Muliro alitua uwanja wa ndege wa Nairobi akitokea London, akaanguka na kufa papo hapo. FORD ikagawanyika kati ya Odinga na Kenneth Matiba, na Desemba 29 Moi akashinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wengi wa Magharibi bado wanaamini kwamba angekuwa hai angewapatanisha wale wawili. Hilo halithibitiki, na kulirudiarudia kila uchaguzi kumewafanya watu wamkumbuke Muliro kwa jambo ambalo hakupata kulifanya na kulisahau alilolifanya.

Wabukusu wana mila inayofaa hapa. Mzee mwenye heshima akizikwa, baada ya siku chache huitwa omuswali, msemaji mwenye fimbo yake, aje kuswala kumuse. Husimama mbele ya watu na kueleza historia ya ukoo na ya taifa, huwaonya walio hai, na hana ruhusa ya kusema uongo kumpamba marehemu. Kwa mtu aliyehesabiwa mbele ya Bunge zima, msimuliaji ana kazi nyepesi, kwa kuwa ushahidi uko katika karatasi za serikali yenyewe.

Karatasi hizo zipo. Kumbukumbu za Bunge za Juni 1975 ni mali ya umma, na ripoti ya kamati ya Mwangale pia. Kinachokosekana ni kuziweka mikononi mwa wasomaji wa kawaida, kwa Kiswahili, pale watu walipo. Mtaala wa shule za msingi na sekondari uko chini ya serikali kuu, kwa hiyo magavana wa Bungoma na Trans Nzoia hawawezi kuamua kinachosomwa darasani Lugulu au Kitale. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Mabunge ya kaunti hizi mbili yanaweza kutenga fedha katika bajeti ijayo ili mjadala ule utafsiriwe na kuchapwa kijitabu, nakala ziwekwe katika kila maktaba ya umma, na chumba kimoja cha maonyesho kifunguliwe Kanduyi, kwenye uwanja uleule wenye jina la Muliro. Orodha ya waliopiga kura ichapwe yote, wa Ndiyo na wa La, kutoka kila pembe ya nchi, pamoja na majina ya Kibisu na Keen, ambao hawana uwanja wala chuo kikuu.