Foklifti za ardhi mbovu: Matairi makubwa yasiwadanganye wajenzi

TANGU jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo, jijini Dar es Salaam, Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mjadala wa usalama wa ujenzi nchini umeelekezwa zaidi kwenye nguzo, misingi na vibali. Mitambo inayofanya kazi kuzunguka majengo hayo imezungumzwa kwa uchache.

Mmoja wa mitambo hiyo ni foklifti ya ardhi mbovu, ile yenye matairi makubwa yenye meno mithili ya trekta. Hubeba saruji, matofali na nondo na kuzifikisha mahali ambapo lori haliwezi kupita.

Tatizo huanzia kwenye jina lake. Ni rahisi kwa msimamizi wa ujenzi kuamini kuwa mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya ardhi mbovu unaweza kufanya kazi zake zote juu ya ardhi hiyo. Ukweli ni kwamba unaweza kupita hapo, lakini uzito ulioandikwa kwenye kibao chake ni ule unaoweza kunyanyuliwa mtambo ukiwa umesimama kwenye ardhi ngumu na tambarare.

Hesabu yake si ngumu. Paleti yenye mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ina uzito wa tani 2. Ikiinuliwa mita 6 kwenda juu, kisha gurudumu la upande mmoja likadidimia na mtambo ukainama kwa nyuzi 5 tu, tani hizo husogea kando zaidi ya nusu mita. Kwa aliyesimama pembeni, mwinamo huo hauonekani kuwa wa kutisha.

Aidha, foklifti nyingi za aina hiyo zina ekseli ya nyuma iliyofungwa kwa pini moja katikati, ili magurudumu yote yaguse ardhi yenye mabonde. Hivyo, ingawa magurudumu ni manne, mtambo husimama kama kigoda cha miguu mitatu: miwili mbele na mmoja nyuma katikati. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, ustadi wa dereva hausaidii tena.

Ndiyo sababu waendeshaji hufundishwa kutembea mzigo ukiwa chini, kupanda mteremko mzigo ukielekea juu na kushuka kinyumenyume, na kutogeuza mtambo katikati ya mteremko. Mzigo hauinuliwi kabla mtambo haujasimama sawa.

Lipo pia suala la mkanda. Mtambo unapoanza kulala, silika ya binadamu ni kuruka. Anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule, na paa lililowekwa kumkinga ndilo humponda. Aliyefunga mkanda, akang'ang'ania usukani na kuegemea upande wa pili, ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka hai.

Nchini Marekani, uchambuzi wa vifo vilivyohusisha foklifti za kila aina kati ya mwaka 1980 na 1994 ulionyesha kuwa kupinduka kulichangia asilimia 22, na kugonga waendao kwa miguu asilimia 20. Nchi hiyo ilipitisha kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1999, inayomtaka mwajiri kumfundisha mwendeshaji kwa aina ya mtambo na mazingira ya kazi husika, kisha kumpima upya kila baada ya miaka 3.

Tanzania haikukosa sheria. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001, na Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950. Jukumu la usalama wa mfanyakazi limewekwa mabegani mwa mwajiri.

Hapo ndipo hoja ya njia inapoingia. Dereva hawezi kuusawazisha uwanja. Dodoma, udongo wa mbuga ulio mgumu kama tofali wakati wa kiangazi hugeuka utelezi mvua zinaponyesha. Dar es Salaam, viwanja vingi vilikuwa na nyumba za zamani, na chini ya kifusi huenda kuna shimo la choo lililofunikwa juujuu. Mtambo ukikodishwa kwa siku, kila saa inayotumika kumwaga kokoto na kushindilia huhesabiwa hasara, ilhali ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote. Kumlaumu dereva baada ya ajali, bila kuuliza ni nani alikagua njia aliyopitishwa, ni kukwepa swali.

Kwa anayeumia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa WCF, unaopokea michango ya waajiri na kulipa fidia kwa walioajiriwa. Lakini saa sita mchana, katika maeneo mengi ya ujenzi, mama lishe huingia na masufuria yake na kupita katika njia ileile ya foklifti. Yeye hana mwajiri anayemchangia.