Nundu ya Thuya Si ya Kuchongea Visahani vya Majivu

Chini ya ngome ya Essaouira, mji wa bandari wa Morocco kwenye pwani ya Atlantiki, kuna safu ya karakana ndogo za maseremala. Harufu ya kazi yao humfikia mpita njia kabla hajaiona: kali, yenye utamu wa utomvu. Huku fundi anakereza bakuli, kule mwenzake anapachika vipande vya mlimau na gamba la chaza kwenye kifuniko cha kibweta. Mbao ni ya mti uitwao thuya, na iliyo ghali kuliko zote hutoka kwenye nundu inayojificha chini ya udongo, pale shina linapokutana na mizizi.

Nyuzi za mbao ya kawaida hupanda juu zikiwa zimenyooka. Za nundu zimejisokota, zikazunguka vichipukizi chungu nzima ambavyo havijawahi kutoa hata jani. Fundi akishaipasua, akaipiga msasa na kuing'arisha, vichipukizi hivyo hujitokeza kama macho meusi juu ya ubao wa hudhurungi.

Macho hayo ndiyo akiba ya mti. Jamaa wengi wa misonobari wakikatwa shina huwa wamekwisha, lakini thuya ikikatwa au ikiungua huchipua upya kutoka kwenye nundu yake. Mkata shina, basi, huacha nyuma kisiki chenye uhai. Mchimba nundu huacha shimo.

Tamaa hii ni ya kale. Matajiri wa Roma waliililia mbao hiyo hiyo ya Afrika Kaskazini. Mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mwanasiasa Cicero alilipa sarafu za sesta 500,000 kwa meza moja, na kwamba meza nyingine iliuzwa kwa 1,300,000, bei ya shamba kubwa. Warumi walizipanga meza hizo kwa madoa: zenye mistari ya chui milia, zenye mabaka ya chui, zenye macho ya mkia wa tausi. Pliny alijua pia kwamba nundu iliyosifiwa zaidi ni ile iliyokuwa yote chini ya ardhi. Kisha akataja mlima mmoja wa Mauretania ya kale uliokuwa ukitoa mbao bora kuliko zote, na kusema kuwa tayari ulikuwa umemalizwa mbao hiyo. Wakati huo hapakuwa na msumeno wa mashine wala mtalii.

Warumi angalau walitengeneza meza za kurithishana. Leo nundu iliyochukua miongo mingi kukua hukatwakatwa iwe visahani vya majivu, vishikizo vya funguo na vijisanduku vya kubebea dawa. Huo ni ufujaji, hata kama mkono uliovichonga ni wa ustadi mkubwa. Nundu hiyo hiyo ikichanwa mbao nyembamba za kubandika juu ya mbao ya kawaida, ingepamba samani nyingi, na kila moja ingeuzwa kwa bei ya maana.

Atauliza mtu: na fundi ale nini? Swali ni la haki, na Kenya ilishalikabili. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji wengi wa vinyago waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayopandwa na kukua upesi. Kazi haikufa. Fundi wa Essaouira naye anayo mbao ya shina la thuya, yenye harufu ile ile, na mlimau anaoutumia tayari kwa nakshi.

Kuwaachia walinzi peke yao kazi ya kuilinda miti hakutoshi. Huko California, nundu za redwood, mti mrefu kuliko yote duniani, ziliibwa usiku kwa misumeno ya mashine mpaka mwaka 2014 wasimamizi wa hifadhi wakaamua kuifunga usiku barabara ya Newton B. Drury inayopita katikati ya miti hiyo. Mwizi hukata kwa sababu dukani kuna anayenunua.

Mamlaka za misitu za Morocco ziruhusu nundu za miti iliyokwisha kufa tu, na zilizo hai ziachwe ardhini. Mnunuzi naye aulize kipande kimetoka kwenye mti gani na sehemu ipi ya mti. Muuzaji akishindwa kujibu, kirudi kwenye rafu yake.